Shosti, seramu yako siyo feki

Juzi saluni moja hapa Kirumba, Mwanza, nimesikia kitu kimenikera mpaka sasa hivi sijapoa. Binti mdogo tu, yuko kwenye kiti anasukwa, anajikagua kwenye kamera ya simu huku anamtukana aliyemuuzia seramu ya kupaka usoni kwamba kampiga, uso umefubaa na vimistari vimeanza juu ya mdomo. Mapajani kaweka pakiti ya fegi na kiberiti cha gesi. Mi nikauchuna, maana saluni ukijifanya unajua sana unaambiwa una wivu.

Sasa naongea huku. Nikotini inabana vile vishipa vidogo vinavyolisha ngozi, damu inafika kwa manati, ndo maana unapauka. Halafu moshi unachochea vimeng'enya vinavyokula kolajeni, na hiyo kolajeni ndo inashikilia ngozi isilegee, sasa wewe unapaka juu wakati kinachobomoka kiko chini, hiyo seramu ifanye nini jamani? Bado kufinya midomo kila pafu na kukunja macho moshi usiingie, pakiti nzima fegi 20, lazima mikunjo ijichore tu. Kuna utafiti wa mapacha Marekani ulitoka 2013, watu wakaonyeshwa picha bila kuambiwa nani kavuta zaidi, na zaidi ya nusu ya mara wakasema aliyevuta zaidi ndo anaonekana mzee. Pacha wake kabisa!

Wa shisha msicheke. Ladha ya embe haipunguzi kitu, WHO, lile Shirika la Afya Duniani, wanasema kikao kimoja tu kinaweza kukuingizia moshi kama wa fegi 100 na zaidi.

Haya, jua nalo linazeesha, nakubali. Na kina mama wanaoanika dagaa mchangani na kubanika samaki wanakunjamana bila kushika fegi hata siku moja. Ila wale wako kazini, wewe umelipia.

Ngozi hata siyo ishu kubwa sana, ukiacha fegi rangi huwa inarudi rudi japo mikunjo haifutiki yote. Mi naogopa yale yasiyoonekana kwenye kamera, hedhi kukoma mapema, na ukichanganya fegi na vile vidonge vya uzazi wa mpango hatari ya damu kuganda inapanda, hapo nani anakwambia?

Badala yake ni kaka zangu wa kijiweni, fegi mdomoni, "dada utazeeka, nani atakuoa?" Kwani ngozi zenu ni za bati? Zimeni kwanza zenu.