Bahari Yangu Ina Maji Matamu

Mimi ni fundi cherehani wa Walukuba, hapa Jinja, na sijawahi kumdhulumu mteja hata kipande cha bitana, kwa hiyo sielewi ni kosa gani nililolitenda hata mwezi huu nikaangukiwa na mada ya "Bahari".

Nieleze kwanza, maana mke wangu nimekwisha kumweleza mara nne na bado anaamini kwamba nina deni ninalomficha. Kikundi chetu cha wapenda uandishi kina changamoto ya kila mwezi: hutolewa mada moja, kila mtu huandika hadithi isiyozidi maneno 500, na siku ya mwisho wa mwezi, saa sita ya usiku, mlango hufungwa. Zawadi haipo. Ambaye hadithi yake imependwa zaidi huchagua mada ya mwezi unaofuata, na balaa liliingilia hapo, kwa kuwa mwezi uliopita aliyependwa ni bwana mmoja wa Mombasa. Wanasema ni changamoto ya kirafiki. Afadhali ingekuwa ya kiadui, kwani adui unaweza kumsusia, lakini rafiki atakuuliza kila asubuhi, "Ndugu fundi, umefika wapi?"

Sasa Mganda ataitoa wapi bahari? Nchi yetu haigusi maji ya chumvi popote. Maji ninayoyajua mimi ni ya Ziwa Victoria, pale mwaloni Masese, nikajipa moyo kwamba maji ni maji, nikaandika. Shujaa wangu akasukuma mtumbwi alfajiri, akavua sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu, na alipochoka akainama, akachota maji ya bahari kwa viganja viwili, akanywa, akamshukuru Mungu.

Majibu yalifika kabla chai yangu haijapoa. Mmoja alisema kwamba sangara ni samaki wa maji baridi, hivyo huko baharini haonekani. Wa pili akasema kwamba shujaa mwenyewe naye hatuko naye tena, kwa yale maji aliyoyanywa. Wa tatu alikuwa yule bwana wa Mombasa, kwa adabu zote za pwani: "Shekhe, mtumbwi umeachwa majini adhuhuri, jioni umekutwa palepale unaelea. Maji hayakupwa?" Hayakupwa! Ziwa letu ukiliacha asubuhi, jioni utalikuta pale ulipoliacha.

Nikaanza upya kwa kupitia Mto Nile, ambao huanzia hapahapa Jinja na kuishia Bahari ya Mediterania, mwendo wa zaidi ya kilomita 6,000. Nikamtia shujaa mtoni ili maji yenyewe yampeleke. Tatizo ni kwamba maji hayo, kama watalii wanavyosimuliwa hapa, huchukua miezi mitatu kufika, na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku mbili. Nilipofika neno la 480, shujaa alikuwa bado anatafuta njia ya kuvuka bwawa la umeme la Bujagali, ambalo kwa bodaboda ni safari fupi tu kutoka kwake. Tena siwezi hata kuisoma hadithi yangu kwa sauti, kwani mzee wa jirani huzima taa. Kwa watu wa umri wake hapa Uganda, Kiswahili ni lugha ya jeshi, na kikisikika usiku basi ni cha mwanajeshi.

"Baba Halima," mke wangu akaniambia, "hao wanaokuuliza habari za bahari, wanajua bei ya uzi?"

Hawajui, na ndiyo maana nikishinda mada yangu itakuwa "Gomesi", lile gauni la kina mama wa Uganda lenye mabega yaliyosimama. Tutawaona mabingwa wa kupwa na kujaa wakisimamisha yale mabega bila kuyageuza masikio ya popo, na wakihangaika kujua kama vile vifungo viwili hukaa kushoto au kulia.

Kwa bahati mbaya, gomesi iliyotangulia ni ya Hajati mmoja wa Bugembe, aliyekuja jana kuichukua wakati haina hata bega moja. Nikamfungulia daftari la vipimo ili aone kwamba kazi imo kwenye foleni, nikasahau kwamba hadithi nazo huziandika humohumo. Akavaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mstari:

"Kifua inchi 44, mkono 12, nyonga 48, wimbi likainuka likamfunika."

Akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, na hilo wimbi nitalilipia?"