Ukienda Ufaransa na baiskeli, anza na Mfereji wa Garonne

Karibu kila anayeniuliza habari za kuendesha baiskeli kusini mwa Ufaransa tayari ana jibu lake mfukoni: njia ya kando ya mfereji wa Canal du Midi. Ameiona kwenye picha, ile miti mirefu iliyoinamia maji, mashua zikipita polepole, na ameshaamua. Huwa namwambia abadilishe mawazo kabla hajakata tiketi. Kama unataka kukaa juu ya baiskeli kutwa nzima bila gari hata moja, chukua njia ya upande wa pili wa mji wa Toulouse, ile ya Mfereji wa Garonne (Canal de Garonne), inayoelekea magharibi hadi Castets-en-Dorthe. Ni kilomita 193, na karibu zote zimetiwa lami.

Sina ugomvi na Canal du Midi. Aliyeuchimba, Pierre-Paul Riquet, alikuwa tajiri wa kukusanya kodi ya chumvi, si mhandisi, na bado mwaka 1666 alimshawishi Mfalme Louis wa 14 amruhusu kuunganisha Toulouse na Bahari ya Mediterania kwa mfereji wa kilomita 240. Shida haikuwa kuchimba. Shida ilikuwa maji: utayapata wapi ya kuujaza mfereji pale juu kabisa, kwenye mgongo wa nchi, ambako upande mmoja mvua hutelemkia Atlantiki na upande wa pili Mediterania? Riquet aliyakusanya kutoka vijito vya Montagne Noire, akayaleta mpaka Naurouze, akayaachia yagawanyike. Akafa mwaka 1680, miezi michache tu kabla kazi haijaisha. UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 1996, na ulistahili.

Lakini tairi halijui urithi. Ukitoka Toulouse kuelekea kusini-mashariki unateleza kwenye lami safi kwa kilomita kama 50 hivi, mpaka karibu na Port-Lauragais. Hapo unavuka mpaka wa wilaya ya Haute-Garonne na kuingia Aude, na lami inakuaga. Kuna vipande vilivyotengenezwa vizuri miaka ya karibuni, ila pengine unajikuta kwenye kijia chembamba cha udongo, mizizi imevimba chini yake, na maji yako hapo pembeni yanakungoja uteleze. Kwa baiskeli ya milimani ni raha. Kwa baiskeli ya mbio ni pancha.

Na kile kivuli cha kwenye picha kinapungua. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba miti ya platani ya mfereji huo, iliyokuwa kama 42,000, imeingiwa na ugonjwa wa kuvu usio na dawa. Inasemekana kuvu hao waliingia Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Mti ukiugua unakatwa, na wa jirani yake pia, kisha inapandwa miche ya aina nyingine. Ukipita kwenye vipande hivyo mwezi wa Julai, jua la saa nane ni lako peke yako.

Canal de Garonne wenyewe ulizaliwa na mkosi. Ujenzi ulianza mwaka 1838 na kukamilika 1856, wakati reli ya kutoka Bordeaux nayo inafika Toulouse ikiwa imejengwa sambamba nao. Miaka miwili baadaye serikali ikaukodisha mfereji kwa kampuni ileile ya reli. Mshindani wako akikabidhiwa funguo za duka lako, unajua biashara itaishia wapi. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa, na mfereji ukabaki na utulivu ambao leo ndio tunaoufaidi. Na ile reli iliyouua bado iko pale, ndiyo inayofanya njia hii imfae hata mwoga: ukichoka, mvua ikikushika au goti likianza kulalamika, unasogea mpaka stesheni ya Moissac, Agen au Marmande, unapakia baiskeli kwenye treni ya mkoa, unarudi ulikotoka.

Aliyejifunza kuendesha baiskeli kwenye barabara zetu kuu atanielewa haraka. Ukizoea barabara ya Chalinze au ile ya Mombasa kwenda Nairobi, masikio yako yanahamia mgongoni. Unalisikia lori kabla halijafika, unapima kama dereva amekuona, unajiandaa kushuka kwenye changarawe. Kazi hiyo huifanya bila kujua, mpaka siku unapoendesha saa nzima na hakuna kinachokuja nyuma. Mimi kwa muda mrefu niliendelea kugeuka kutazama. Mabega ndiyo yaliyochelewa kuamini.

Kuhusu uzuri wa mandhari sitasema mengi. Ni mahindi, alizeti, bustani za matunda, na karibu na Golfech minara miwili mikubwa ya kituo cha nyuklia inayokufuata kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Kinachonivutia mimi ni mitambo. Jambo la kwanza ninalomwonyesha mgeni ni fimbo inayoning'inia kwenye waya katikati ya mfereji, mbali kidogo kabla ya malango mengi ya maji. Nahodha wa boti akifika hapo, anaikamata na kuizungusha kidogo. Taa inabadilika, na kule mbele mitambo inaanza kutayarisha chumba cha kumshushia au kumpandishia, bila mlinzi yeyote kutoka nyumbani kwake. Simama utazame. Boti inaingia, malango yanafungwa nyuma yake, maji yanatoka, na abiria waliokuwa wanakutazama usawa wa macho wanazama taratibu mpaka unaona vipara vyao tu.

Kisha kuna daraja la Agen. Ni mita 539 za mawe juu ya matao 23, na juu yake hakupiti gari wala treni. Kunapita mfereji wenyewe. Unaendesha pembeni ya maji yaliyotulia, huku chini kabisa Mto Garonne unakwenda kwa kasi yake. Mara nyingine boti iko kando yako na mto uko chini yenu nyote wawili. Upande wa Moissac kuna daraja la aina hiyohiyo, fupi zaidi, juu ya Mto Tarn. Na ukiwa Moissac usiwe mvivu wa kushuka: nunua zabibu za Chasselas kama ni msimu wake, uingie kwenye ua wa abasia wenye nguzo zilizochongwa tangu karne ya 11. Waliojenga reli walibomoa jumba la kulia la watawa ili kupata njia. Reli hiyohiyo tena.

Marafiki zangu wa klabu hunicheka. Kwao, kama hujapanda Tourmalet, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, hujaendesha baiskeli Ufaransa. Mfereji ni wa wastaafu na watoto. Nadhani hawajaufanya kwa siku nzima. Mlimani unapanda ukiteseka, halafu unatelemka bila kukanyaga pedeli, miguu inapumzika, makalio yanainuka. Kwenye tambarare hakuna mtelemko wa kukupa likizo. Unakanyaga, na ukiacha kukanyaga unasimama. Siti mbaya utaijua kabla ya saa sita mchana. Na kuna upepo. Upande wa Toulouse hupiga Autan kutoka kusini-mashariki, siku kadhaa mfululizo, na ukiukuta usoni utatamani huo mlima.

Tatizo moja ni la sisi wenyewe waendeshaji. Njia za namna hii Wafaransa huziita njia za kijani, na zimo katika sheria yao ya barabara tangu mwaka 2004: ni za wasiotumia injini, yaani baiskeli, waenda kwa miguu na kwingine wapanda farasi. Bibi na mbwa wake wana haki sawa na mwenye baiskeli ya kaboni. Mvuvi naye yupo, fimbo yake imekatiza njia. Anayekuja pale kupima mwendo wake kwa saa na kupigia watu kengele kama gari la zimamoto amekosea mahali. Barabara ndogo za wilaya, kilomita chache kutoka pale, hazina magari mengi na zina vilima vya kutosha. Aende huko.

Njaa nayo ipangiwe. Mfereji hupita nje ya vijiji, na duka la mikate lililo wazi saa tano na nusu linaweza kuwa limefungwa saa sita na nusu. Jumatatu ni mbaya zaidi. Mimi hununua mkate wa mchana asubuhi, kwenye duka la kwanza ninaloliona.

Ukitaka kufika Bordeaux, acha mfereji karibu na La Réole, pita barabara za vijijini hadi Sauveterre-de-Guyenne, uingie njia ya Roger Lapébie, ambayo zamani ilikuwa reli. Lapébie ndiye bingwa wa Tour de France ya 1937, mwaka ambao waendeshaji wote waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kubadilisha gia bila kushuka kugeuza gurudumu. Njia yenyewe ina lami, inapita katikati ya mizabibu, na kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya treni, haina mlima wa kukutoa jasho sana.

Kama baada ya haya yote bado moyo wako uko Canal du Midi, nenda, sitakuzuia. Ila funga tairi la milimita 40 au zaidi, beba tyubu mbili, na usiahidi mtu kwamba utafika Sète, kule mwisho wa njia kwenye Mediterania, kwa chakula cha jioni.