Bima ya Moto London, Karne ya 19: Mwenye Kujihadhari Ndiye Aliyekamuliwa

Kila inapozungumzwa historia ya bima ya moto, haichukui muda kabla mtu hajaleta hadithi ya wazimamoto wa makampuni ya bima ya London waliofika kwenye nyumba inayoungua, wakatazama ukutani, wakakosa alama ya kampuni yao inayoonyesha kuwa nyumba ina bima, kisha wakageuza farasi na kurudi zao. Hadithi hiyo inanoga kusimuliwa, lakini ukiipeleka karne ya 19 haisimami, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inayatwisha makampuni lawama yote huku serikali, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na hatia kubwa zaidi, ikipita pembeni bila kuonekana.

Tuanze na namna bima yenyewe ilivyokatwa. Mwenye nyumba alikwenda kwenye ofisi ya kampuni kama vile Sun, Phoenix au Royal Exchange, au, ikiwa aliishi nje ya London, alikwenda kwa wakala, ambaye mara nyingi alikuwa na shughuli yake nyingine, labda uwakili au duka. Huko aliulizwa kama kuta ni za matofali au za mbao, kama paa limeezekwa vigae au nyasi, na ndani mnafanyika kazi gani. Majibu yake ndiyo yaliyomweka katika mojawapo ya madaraja matatu: hatari ya kawaida, hatari ya juu, na hatari maradufu. Viwango vilivyozoeleka mwanzoni mwa karne vilikuwa shilingi 2, 3 na 5 kwa kila pauni 100 za thamani iliyowekewa bima (pauni moja ilikuwa shilingi 20). Mwenye kiwanda cha kusafisha sukari hakuhesabiwa kwa madaraja hayo. Yeye alipatana bei na kampuni kivyake, maana moto katika viwanda hivyo haukuwa mgeni. Fedha taslimu, vitabu vya hesabu, hati za madeni na baruti havikukubaliwa kabisa.

Masharti ya kudai fidia ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi makampuni hayo yalivyowatazama wateja wao. Nyumba ikiungua, mwenye bima alitakiwa kutoa taarifa mara moja, kuorodhesha hasara yake na kuiapia. Hata hivyo kiapo hicho hakikutosha. Katika hati nyingi za mwanzoni mwa karne alitakiwa pia kuleta cheti kilichotiwa saini na kasisi na wazee wa kanisa wa parokia yake, pamoja na wakazi wengine waheshimiwa, wakithibitisha kwamba wanamfahamu, wanaijua tabia yake, na wanaamini kuwa moto ule haukuwa wa hila. Kwa hiyo mtu aliyekosana na kasisi wake alikuwa na sababu ya ziada ya kuuogopa moto. Sharti hilo lilikuwa kali, nami silipendi, lakini angalau lilikuwa na mantiki: kampuni iliyokaa London haikuwa na njia nyingine rahisi ya kumjua mtu wa mbali.

Kisichokuwa na mantiki ni ushuru. Serikali ya Uingereza ilianza kutoza bima ya moto kwa asilimia ya thamani mwaka 1782, ikapandisha kiwango mara kwa mara wakati wa vita na Ufaransa, na kufikia mwaka 1815 ushuru ulikuwa shilingi 3 kwa kila pauni 100. Chukua nyumba ya matofali iliyowekewa bima ya pauni 500 katika daraja la kawaida. Kampuni, iliyobeba hatari yote, ilipata shilingi 10. Serikali, ambayo haikubeba hatari yoyote, ilipata shilingi 15. Vita viliisha, ushuru ukabaki. Mwaka 1833 mifugo, mazao na zana za mashambani zilisamehewa, jambo ambalo halishangazi katika Bunge lililojaa wenye ardhi, lakini fundi na mwenye duka waliendelea kulipa.

Fedha hizo, basi, zilinunua zimamoto? La hasha. Kazi ya kuzima moto London ilifanywa hasa na makampuni yenyewe, yakisaidiwa kwa unyonge na pampu za parokia. Kwa kawaida kila kampuni ilikuwa na kikosi chake hadi mwaka 1833, ambapo makampuni 10 yaliunganisha vikosi vyao kuwa kimoja chenye wazimamoto 80, chini ya James Braidwood aliyeletwa kutoka Edinburgh. Kikosi hicho kilikwenda kwenye moto wowote, uwe wa nyumba yenye bima au isiyo nayo, kwa sababu iliyo wazi: moto wa jirani asiye na bima hauchelewi kuvuka ukuta. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 jengo la Bunge liliposhika moto, waliokwenda kulipigania ni pamoja na watu hao hao wa Braidwood, waliolipwa mishahara na makampuni ya bima. Hata baada ya hapo Bunge halikuona haja ya kuanzisha zimamoto ya umma.

Lililoubomoa mpango huo ni moto wa Tooley Street, uliozuka tarehe 22 Juni 1861 katika maghala ya kando ya mto Thames yaliyosheheni pamba, katani, mafuta ya mnyama na sukari. Ukuta ulimwangukia Braidwood ukamuua, na moto uliendelea kuwaka kwa takriban wiki mbili. Hasara ilifikia kama pauni milioni 2. Makampuni yalipandisha viwango vya bima za maghala, wafanyabiashara wakakasirika, na mwaka huo huo wakaanzisha kampuni yao, Commercial Union. Makampuni ya zamani nayo yakaiambia serikali kwamba hayawezi tena kuubeba mzigo wa kuulinda mji mzima.

Sheria iliyopitishwa mwaka 1865 ilianzisha kikosi cha umma cha London, kilichoanza kazi Januari 1866 chini ya Eyre Massey Shaw. Walipa kodi za majengo walitozwa nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya pango, wawe na bima au wasiwe nayo, na serikali ikachangia pauni 10,000 kwa mwaka. Hata hivyo makampuni yaliendelea kudaiwa pauni 35 kwa kila pauni milioni moja yaliyoiwekea bima mjini humo, na sioni ni nani mwingine angeibeba gharama hiyo mwishowe isipokuwa mwenye bima, ambaye sasa alilipia pampu ile ile mara mbili. Ushuru wenyewe ulipunguzwa kwa nusu, kwanza kwa bidhaa za biashara mwaka 1864, kisha kwa mali nyingine mwaka 1865, ukafutwa mwaka 1869.