Kidonge cha kifafa na mifupa ya mama: tuseme au tunyamaze?

Jioni ya Juni huku Makete, baridi ikishika, mama anakaa karibu na mafiga. Kifafa kikimwangusha saa hiyo, anaangukia motoni. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: hakuna ninachosema hapa juu ya dawa za kifafa kudhoofisha mifupa kinachompa mwanamke ruhusa ya kuacha dawa. Kuacha ghafla fenobabitoni, mojawapo ya dawa hizo, kunaweza kuleta degedege la mfululizo lisilokatika, na hilo linaua.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo hiyo wagonjwa wasiambiwe kabisa habari za mifupa. Hoja yao ni nzito. Kifafa bado kinasemwa kwa kunong'ona, wengine wanakiita kurogwa, na mama aliyekubali kumeza kidonge kila usiku ametoka mbali. Hofu mpya inaweza kumrudisha kwa mganga.

Lakini madhara yenyewe ni ya kweli. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, pamoja na fenitoini na kabamazepini, huchochea ini livunje vitamini D upesi kuliko kawaida. Vitamini D ikipungua, utumbo unashindwa kufyonza kalsiamu ya kutosha, na mwili unaichota mifupani ili damu isipungukiwe. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haichochei ini hivyo, ila nayo imehusishwa na mifupa dhaifu. Kwa mwanamke kuna la ziada: hedhi ikikoma, mifupa hupungua haraka hata kwa asiyetumia dawa yoyote. Aliyeanza vidonge akiwa binti, leo ana miaka 50, amebeba yote mawili. Na kuna sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Baadhi ya wanawake wenye kifafa huishia kuitumia, maana dawa zinazochochea ini hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti. Sindano hiyo nayo hupunguza uimara wa mifupa kwa muda inapotumika.

Je, wote wahamishiwe levetirasetamu au lamotrijini, ambazo zinaonekana kuwa nafuu kwa mifupa? Hapo sikubali. Mama ambaye hajaanguka kwa miaka mingi hatolewi kwenye dawa iliyomtuliza bila sababu kubwa, na dawa mpya ikiadimika dukani, kifafa kinarudi. Anguko moja linavunja nyonga. Kwa binti anayeanza tiba leo, ambaye dawa hizo atazipata bila kukatika, hapo nakubali zifikiriwe mapema.

Huwa naambiwa pia kwamba jua tunalo. Tunalo, ila msimu wa baridi tunatembea na masweta na vitenge mpaka shingoni, na dawa inavunja hata vitamini iliyotengenezwa na jua. Usipa wa Kyela, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na maziwa ya Rungwe, vinaleta kalsiamu, lakini bila vitamini D sehemu kubwa inapita tu.

Kwa hiyo naegemea kusema, ila kwa utaratibu: kwanza "usiache dawa", kisha mifupa. Mashine ya kupima uimara wa mifupa haiko zahanati, na eksirei ya kawaida huonyesha upungufu ukiwa umeshakuwa mkubwa. Muuguzi anaweza kuanza kwa kuuliza: mama, umemeza dawa hii miaka mingapi? Hedhi imekoma? Umewahi kuvunjika kwa kujikwaa tu? Majibu yakimtia shaka, amwandikie kwa daktari kuhusu vitamini D na kalsiamu siku hiyo hiyo, kabla mama hajapanda daladala kurudi kwake.