Gunia si katoni

Ukisimama asubuhi pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wakati boti za visiwani zinashusha mzigo, utasikia vipimo vinne vya dagaa ndani ya dakika tano. Mwenye mzigo anazungumza gunia. Mchuuzi mwenye mtaji mdogo anauliza debe. Mama anayenunua kwa ajili ya genge lake Igoma anataka sado, lile kopo la rangi la lita 4 ambalo siku hizi limeenea sokoni kote. Na yule anayevusha mzigo kwenda Kongo anataka kilo, kwa sababu huko anakokwenda atalipwa kwa kilo. Dagaa ni walewale.

Sasa iweke programu ya stoo mbele ya mzigo huo. Kabla hujafika kwenye bei, itakuuliza bidhaa hii inahesabiwa kwa kipimo gani, kisha itauliza kama kuna vipimo vingine, na kimoja ni sawa na vingapi vya kingine. Watu wengi hujibu maswali hayo kwa dakika moja ili wafike haraka kwenye kuuza. Kazi yangu hapa Mwanza ni kuwafungia wafanyabiashara mifumo hii, na ninaamini dakika hiyo moja ndiyo inayoamua kama hesabu ya stoo itaaminika au itazaa ugomvi.

Kuhusu majibu ya maswali hayo watu wamegawanyika. Upande mmoja, ambao mara nyingi unaongozwa na mhasibu, unasema kila bidhaa iwe na kipimo kimoja, basi. Dagaa kilo, waya mita, sabuni mche. Hoja zao ni nzito. Kipimo kimoja kinakuwezesha kulinganisha bei ya ununuzi ya leo na ya mwezi jana bila kujiuliza gunia la wakati ule lilishindiliwa kiasi gani. Kuhesabu stoo mwisho wa mwezi kunakuwa kupima na kulinganisha tu. Sheria nayo inaegemea upande wao. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara ifanyike kwa vipimo vilivyohakikiwa, na Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa kwa miaka mingi, kwa sababu lile gunia lenye kilemba humnyonya mkulima: analipwa gunia moja huku ametoa moja na ushee. Mfumo unaokubali neno "gunia" bila kuuliza kilo unaisaidia lumbesa iingie kwenye kompyuta.

Upande wa pili ni wa wanaouza. Wanasema mteja aliyetoka Ukerewe au Kome hatakuja kuomba kilo 17.4 za mahindi, ataomba debe. Ukimlazimisha kijana wa kaunta ageuze debe kuwa kilo kichwani, huku watu sita wamepanga foleni, atafanya mojawapo ya mambo mawili. Ataingiza namba ya kubahatisha, au ataandika kwenye daftari na kuahidi kuingiza jioni. Jioni ikifika amechoka, kurasa mbili zimelowa, na ukweli wa duka umeshahamia kwenye daftari. Nimeona maduka ambayo programu inalipiwa kila mwezi lakini bosi anafanya maamuzi kwa kusoma kaunta buku. Mfumo usiozungumza lugha ya kaunta hauishi.

Pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unazungumzia bidhaa tofauti bila kujua. Kuna vipimo vilivyotengenezwa na kiwanda na kuna vipimo vilivyotengenezwa na mkono. Katoni ya biskuti yenye pakiti 24 ilifungwa na mashine. Kesho itakuwa 24, mwakani itakuwa 24 mpaka kiwanda kibadilishe. Kreti ya soda ina matundu 24, na huwezi kuishindilia chupa ya 25. Hapa upande wa wauzaji una haki kamili: weka uwiano, uza kwa katoni na kwa pisi, mfumo utageuza na hautakosea. Lakini gunia, debe, sado, fungu na beseni vinajazwa na mkono wa mtu, na mkono una huruma, una haraka, una hila. Ukiandika "gunia 1 = kilo 100" kwenye mfumo, umeandika matumaini.

Hata jiometri inakataa. Debe ni lita 20, sado ni lita 4, kwa hiyo karatasi inasema sado 5 ni debe. Sokoni hakuna anayepima kwa kusawazisha juu. Kila chombo kinapewa kilemba. Vilemba vitano vya sado vikijumlishwa vinazidi kilemba kimoja cha debe. Anayenunua kwa debe na kuuza kwa sado hapati sado 5. Atapungukiwa kila debe, na mfumo wenye uwiano wa 5 utaonyesha kwamba kuna mtu anakula dagaa wake.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la kompyuta. Katika duka moja la vifaa vya umeme mjini, mwenye duka aliniita kwa sababu waya wa 1.5 ulikuwa "unapotea". Mfumo ulidai kuna mamia ya mita stoo, rafu ilikuwa karibu tupu. Tulichukua rola mpya, tukaikunjua sakafuni kutoka mlangoni hadi nyuma ya stoo, kwenda na kurudi, kijana wa duka akishika ncha na mimi nikishika tepu. Iliishia mita 91 na kidogo. Tukasoma lebo kwa makini: yadi 100. Yadi 100 ni mita 91.44. Kwenye mfumo rola ilikuwa imeandikwa mita 100, na aliyeandika hivyo ni mimi, kwa kusikia "rola ni mia" bila kuuliza mia ya nini. Kila rola iliyokatwa kwa mita iliacha upungufu wa mita 8.56 ambao haukuwahi kuwepo duniani. Rola 40, mita 342. Kijana yule aliyeshika ncha ya waya alikuwa amekatwa mshahara kwa miezi mitatu. Mwenye duka alimrudishia fedha yake kwa awamu mbili, na mimi tangu siku hiyo sikubali namba ya uwiano niliyoambiwa kwa mdomo. Nasoma lebo, kisha napima moja mwenyewe.

Upungufu mwingine ni wa kweli, lakini nao si wizi. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukipimwa kilo kwa kilo kwenye mizani ya kaunta, mpimaji muungwana anazidisha kidogo ili mshale uvuke mstari. Gramu 10 tu kila kilo, na mfuko mzima unatoa kilo 49 na nusu. Uwiano wa kitabuni unasema 50. Njia ya haki ni kuupa mfumo kiwango cha upungufu unaokubalika kwa kila mfuko unaofunguliwa, kiandikwe wazi, mwenye duka na muuzaji wote wakione. Kikivukwa, hapo ndipo muulizane.

Nondo zinaonyesha upande mwingine kabisa, na ndio mfano ninaoupenda zaidi. Zinanunuliwa kwa tani, zinauzwa kwa pisi. Mafundi wanajua kanuni: zidisha kipenyo kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.889 kwa mita. Yenye urefu wa mita 12 ni kilo 10.67. Tani moja inatoa pisi 93 au 94. Ya milimita 10 inatoa 135. Sasa mzigo ukifika, ukapima tani moja na kuhesabu pisi 100 za milimita 12, usikimbilie kurekebisha uwiano ili hesabu ikae sawa. Kila pisi hapo ina kilo 10. Ama ni nyembamba kuliko inavyodaiwa, ama ni fupi. Mwenye duka anaweza kufurahi kwa kupata pisi za ziada, lakini nyumba ya mtu Buswelu itajengwa kwa chuma hicho. Wale wa kipimo kimoja wangehesabu pisi tu na wasingeona kitu. Wale wa uwiano usiobadilika wangeona "kosa la mfumo" na kulifuta. Ukirekodi namba zote mbili, tani iliyopokelewa na pisi zilizohesabiwa, tofauti yenyewe inakuwa habari.

Likija suala la kuchagua kipimo msingi, yaani kile ambacho mfumo unatunzia hesabu yote ndani yake, ushauri wa kawaida ni kuchukua kidogo kabisa. Kwa sehemu kubwa naukubali, na sababu ni desimali. Ukitunza kalamu kwa dazani, kuuza kalamu moja ni 0.0833 ya dazani. Mfumo wenye desimali mbili utaandika 0.08. Uza kalamu kumi na mbili mojamoja, mfumo utatoa 0.96, na karibu nusu ya kalamu itabaki stoo milele. Ukitunza kwa pisi, dazani ni 12, namba kamili, hakuna kinachobaki. Lakini "kidogo kabisa" kina mipaka yake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akitunza skurubu kwa moja moja, nani atakaa kuzihesabu siku ya kufunga mwezi? Atakadiria, na tumerudi palepale. Skurubu zinazouzwa kwa pakiti ziwe pakiti. Misumari iwe kilo, na robo kilo iandikwe 0.25 ambayo haina masalia. Kipimo msingi kiwe kidogo kabisa kinachouzwa na ambacho mtu anaweza kukihesabu tena kwa mikono yake.

Gharama nayo ina usumbufu wake. Katoni ya Sh 25,000 yenye pisi 24 inatoa Sh 1,041.67 kwa pisi. Ukikata desimali kwenye gharama, faida yako ya mwezi itapinda kidogo. Iache gharama na desimali zake, kata kwenye bei ya kuuzia tu. Na bei ya jumla usiuache mfumo uikokotoe kwa kuzidisha bei ya pisi. Katoni ina bei yake.

Ugumu wa haya yote ni kwamba kosa la mwanzo halifutiki kirahisi. Programu ya Odoo, kwa mfano, katika matoleo yake mengi, ikishaona bidhaa ina miamala ya stoo, inakataa kubadilisha kipimo chake na kukushauri uiweke bidhaa hiyo kwenye kumbukumbu na kufungua nyingine. ERPNext nayo haikubali kubadilisha kipimo msingi moja kwa moja baada ya miamala. Wateja hunilalamikia kwamba ni ukaidi wa programu. Ni ulinzi: risiti elfu mbili zilizoandikwa "5" kwa maana ya katoni zisije zikageuka usiku mmoja kuwa pisi 5. Ndiyo maana ninapofungua bidhaa naandika namba ndani ya jina la kipimo, Katoni-24, Katoni-48, Rola-91m. "Katoni" peke yake ni mtego, maana ya sabuni si ya biskuti, na kiwanda kikibadilisha ukubwa unaongeza jina jipya na la zamani linabaki na historia yake.

Kwa mzigo wa mkono, mifumo mikubwa kama SAP na Dynamics 365 ina namna ya kutunza idadi na uzito kwa pamoja, iliyobuniwa kwa nyama, jibini na samaki, vitu ambavyo kimoja hakilingani na kingine. Inafaa kiwanda cha minofu ya sangara. Mfanyabiashara wa Mwaloni hataimudu, wala haihitaji. Kwenye programu ya kawaida anaweza kufanya hivi: dagaa watunzwe kwa kilo, na kila gunia liingie kama bachi yake, yaani mzigo unaotunziwa kumbukumbu peke yake, lenye kilo zake lilivyopimwa siku hiyo. Anapofungua gunia ili auze kwa sado, aandike muamala wa kufungua: gunia hili limetoka, sado kadhaa zimeingia, kwa hesabu ya zilizopatikana kweli. Ni kazi ya ziada, sifichi. Inaongeza dakika mbili au tatu kwa kila gunia, na siku ya mzigo mkubwa dakika hizo zinauma.

Mama mmoja ninayemhudumia pale ameishazoea. Kijana wake anaweka gunia kwenye mizani, anasoma, anaandika kilo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa gunia, kisha anaingiza kwenye simu. Wiki iliyopita magunia manne ya boti moja yalisoma 41, 38, 44 na 39. Mvua ikinyesha yanapanda, maana dagaa wanashika unyevu, na mama hupima tena kabla ya kuuza. Aliyekuja kununua aliinama, akasoma namba ubavuni, akaomba la 44, akalilipia kilo 44.