Niliwauliza Habari za Korona, Wakanijibu Habari Zangu

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwaka 2021, baada ya isha, nilifanya jambo ambalo mwanamme mwenye akili zake halifanyi: niliwauliza watu wa nyumbani kwangu wanaonaje.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu ule mwezi wa Machi 2020, korona ilipotufikia. Tumeshakula, muhogo wa nazi na dagaa, jamvi limetandikwa uwani, umeme upo. Nikajikohoza kidogo, ingawa siku zile ukikohoa watu walikuwa wanakukimbia, nikasema: "Haya jamani, kila mtu aseme mwaka ule kilimtaabisha kitu gani zaidi." Mie nishajipanga. Watasema hofu, watasema ukata, watasema skuli kufungwa. Kisha niitikie alhamdulillahi tumevuka, nisome dua fupi, tukalale.

Binti yangu mkubwa akasema: "Baba kushinda nyumbani."

Nikacheka. Nikawatazama wenziwe. Hakuna mwengine aliyecheka.

Sasa ngojeni niwaeleze, mnihukumu nyinyi. Kazi yangu mie kutembeza wageni. Wenye adabu wanatuita waongozaji wa watalii, waliobaki wanatuita papasi, na papasi ni papasi hata akivishwa kitambulisho shingoni. Kila siku nawachukua watu pale ufukweni Shangani, Unguja, nusu saa kwa boti tuko kisiwa cha Changuu. Nawaonesha kobe, kizazi cha wale wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kisha nawapeleka kwenye lile jengo, nashusha sauti: hii ilijengwa miaka ya 1890 iwe jela, na mfungwa hakuletwa hata mmoja. Ikageuzwa karantini ya homa ya manjano. Mtu katoka safari yake na meli, mji anauona ule pale, anashushwa hapa akae mpaka ijulikane ni mzima. Wageni wanashika vifua, wanapiga picha, wananipa chochote. Miaka kumi na moja nimeiuza karantini kwa dola. Mwaka 2020 nikapewa ya kwangu bure.

Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza katangazwa Arusha, kesho yake skuli zimefungwa, wiki hiyo hiyo na sisi Unguja tukawa na wa kwetu. Wataliana wangu wakakatika kama maji ya mfereji wa mtaani kwetu, bila ya kuaga. Aprili hata ndege za abiria kutoka nje zikasimama. Kitaliana changu chote, nilichokiokota ufukweni neno kwa neno, nikabaki nakisema na kuku wa jirani. Mpaka leo yule tetea ukimwambia "ciao bella" anakuja mbio.

Mtu aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi magharibi, umemkalisha uwani siku nzima, unataka afanye nini? Nikaitembeza nyumba.

"Alikuwa akifunua masufuria," mke wangu akasema, kana kwamba anatoa ushahidi kwa kadhi.

Ni kweli nilikuwa nikifunua. Miaka yote sijui sukari ya nyumba hii inakwenda wapi, nikaona Mungu kanipa nafasi ya kuchunguza. Kilo moja siku tatu! Nikanunua daftari, nikawa naandika: chai ya asubuhi, vijiko vingapi, nani kazidisha. Siku ya tano mke wangu akaniuliza kwa upole, upole ule wa hatari, "Baba watoto, daftari hilo linapikika?" Nikaliweka juu ya kabati. Bado lipo, na hesabu zangu hazijajibiwa.

Kitinda mimba akadakia: "Na nyungu!" Nyungu je? Nchi nzima ilijifukiza. Nikachuma mwarobaini, nikatafuta mkaratusi, mchaichai, ndimu ambazo zilifika shilingi 500 moja utafikiri zina betri ndani, nikawafunika wote blangeti moja. Walitoka wekundu, wazima, wanatokwa na kamasi za afya. Shukurani yake ndiyo hii, kwamba nilimaliza mkaa wa wiki kwa jioni moja na futari ikachelewa.

Maana Ramadhani nayo ilitukuta humo humo. Mwanzoni mwa Mei, Rais Magufuli akasema papai limepimwa na likaonekana lina korona. Yeye alikuwa anasema habari ya vipimo, kwamba haviaminiki. Mkwe wangu, mama yake mke wangu, hakungoja kusikia ya vipimo. Tuna mpapai uwani unazaa mpaka unainama, mama akaupiga marufuku. Basi sisi tunafuturu muhogo, papai zinaiva, zinaanguka, wanakula kunguru. Nikiwatazama wale kunguru wala sioni hata mmoja mwenye mafua, lakini kwa mkwe utasema nini?

Na huyu mkwe ni habari peke yake. Alikuja kutoka Wete, Pemba, mwezi ule ule wa Machi, kwa wiki mbili. Sijakosea, mbili. Kila nikigusia boti ya Pemba anasema, "Mkwe wangu, baharini kuna upepo wa korona." Nikanyamaza. Februari 17, 2021, siku aliyofariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, hakula, hakusema na mtu, alikaa pale mlangoni na tasbihi mpaka usiku, na hapo hata mie sikuwa na la mzaha. Akafunga safari kwenda Mtambwe, kwao marehemu, kuhani. Siku ya nne karudi na boti na kikapu cha mbata. Upepo wa korona sikuuliza.

Baraza nako hakukaliki. Tuliambiana tukae mita moja moja, tukakaa, mtu anatoa hoja kwa kupiga kelele kama yuko ng'ambo. Na vikombe vya kahawa vyote vinasuuzwa ndoo moja! Nilipolisema hilo, nikaambiwa nimekuwa mwanamke kwa kushinda nyumbani.

Mwenye mwaka wake alikuwa mke wangu. Alikitoa cherehani chini ya kitanda, akaanza kushona barakoa kwa vipande vya kanga. Kwanza za watoto, kisha za jirani, kisha mzigo ukawa unakwenda sokoni Darajani. Na aliyekuwa akiupeleka nani? Mie, mwenye kitambulisho na lugha tatu. Jioni narudisha pesa zote mkononi mwake, na yeye ananitolea nauli ya kesho. Watoto wakaanza kumwomba mama yao ruhusa mbele yangu, na mie nimekaa pale pale. Siku ya Idi mkono wa Idi uligawiwa na yeye. Nami nilipewa.

Skuli zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, kitinda mimba aliamka kabla ya adhana, kavaa, kakaa na mkoba mlangoni gizani. Nilimsomesha mie miezi mitatu, kwa hivyo nilitarajia makubwa. Wiki ya pili akaulizwa darasani ataje wanyama watano wanaofugwa nyumbani. Aliandika kobe mara ya kwanza, na kobe wa kike mara ya pili. Mwalimu kaniita. Nimejitetea kadiri nilivyoweza.

Mwisho wa mwaka wakaanza kuja Warusi, wengi, na mie Kirusi changu ni "privet" na "spasibo" tu, habari yote ya homa ya manjano naieleza kwa mikono. Leo wapo, kesho hawapo, siku mbili kazini, tano uwani.

Basi Ijumaa ile nimo katika kujitetea, nishafika kwenye hesabu ya sukari, simu ikalia. Nahodha wangu. Wageni sita, kesho saa mbili, Changuu, na keshokutwa huenda pia. Nikarudia kwa sauti ili wasikie: "Kesho na keshokutwa?"

Watu watano wakasema alhamdulillahi kwa pamoja. Sikuisikia hivyo hata mwezi wa Idi ulipoandama. Mke wangu akainuka usiku ule ule kunipigia pasi shati. Binti mkubwa akaenda kunitafutia viatu, hajaambiwa.

Mkwe akajivuta kwenye jamvi mpaka karibu yangu, akaninong'oneza:

"Na ile karantini yenu ya huko kisiwani, mkwe wangu, siku hizi hailazi watu?"