Kinanda gani hiki hakina vitufe?

Jamani, wapiga vinanda wenzangu wa Mombasa, nani kawaambia mafundi hawa kwamba tumechoka na vitufe? Jana dukani Mwembe Tayari nimewekewa kinanda kipya: bapa moja la mpira, jeusi tii, linateleza kama ngisi. Cheupe hakuna, cheusi hakuna. Noti ya do iko wapi? Unaitafuta kama sindano iliyoanguka mchangani!

Najua, wazo si geni. Don Buchla, fundi wa vinanda vya umeme kule California, alivikataa vitufe vya piano tangu miaka ya 1960, akaweka vibao vya kugusa. Sawa. Lakini yeye hakupiga taarabu harusini Majengo, stima zimepotea, bi harusi yuko mlangoni! Gizani kidole hujua njia kwa kupapasa: vyeusi viwili, vitatu, viwili, vitatu. Hapa utapapasa nini?

Na kinachoniuma hasa ni utamu wake. Ukitelezesha kidole, sauti inapanda polepole, ile robo toni, sauti iliyojificha katikati ya vitufe viwili, ya maqamu ya rasti, ngazi ya sauti ya Kiarabu, unaipata, inalia kama fidla. Utamu wote huo, halafu mnatunyima hata vinundu viwili vya kushikia njia?